Wimbo wa Dakika Nne

Dada yangu mpendwa,

"Nyimbo za nyumbani ni nzuri, lakini zilitungwa na watu ambao hawajawahi kuulizana kama bado wanapumua." Maneno hayo aliyasema Fundi Pampu mbele ya ukumbi mzima, spana mkononi, na watu wakampigia makofi. Nisamehe kwa kuanza na mgomvi wangu kabla ya kukujulia hali. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje? Shemeji na watoto wazima? Mimi mwili hauna neno. Ya moyoni utayasikia, wewe pamoja na wale wakaguzi watatu ambao, kama ujuavyo, husoma barua zetu zote kabla hazijarushwa huko chini duniani. Nao nawasalimu.

Kwanza nimjibu huyo fundi, maana nikinyamaza nitapasuka. Watu wa nyumbani wameimba wakichimba visima, wakijifungua, wakizika. Hakuna pumzi ambayo haijapita ndani ya wimbo. Binadamu akihamia angani hahami na mapafu peke yake. Huhama na yale aliyoyasikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Tukianza upya huku, watoto watakaozaliwa humu watakuwa kama vyombo vilivyotoka kiwandani, visivyo na ukoo. Hayo niliyaandika kwenye gazeti letu la ukutani, na ninayaamini hadi leo.

Sasa nikueleze ugomvi ulivyoanza. Feni za hewa huzimwa mara mbili kwa siku, dakika nne kila mara, ili vichujio visafishwe. Huku hakuna uzito, kwa hiyo feni zikisimama, hewa uliyoitoa puani hubaki palepale usoni pako. Ukitulia unasinzia, na ukisinzia huenda usiamke. Ndiyo maana ni sheria kuimba dakika zote hizo. Kuimbisha ni kazi yangu; ndiyo iliyonileta huku. Kwa miaka sita watu wote wameimba kwa pamoja nyimbo nilizozibeba kutoka kwetu, mimi nikiwa kwenye kipaza sauti cha jikoni. Nakwambia, zilipendeza.

Ndipo Fundi Pampu akatunga wake. Una mapigo ya pampu, matatu na kituo, na kila chumba kina mstari wake. Chumba cha dobi huanza, jikoni hupokea, kisha ushonaji, kisha darasa, hadi wimbo urudi kwa dobi. Watoto waliushika kwa siku moja. Nikawasikia darasani kwangu, mbele yangu mimi mwalimu wao, wakiuchomeka katikati ya wimbo wangu. Binti mmoja akaniomba nisikasirike, eti nyimbo zangu ni za kusikiliza mtu akiwa ameshashiba. Nilicheka kwa meno tu.

Nikaandika kwamba wimbo wa kuhesabia watu si sanaa, ni kengele. Wiki hiyohiyo, mstari wa ushonaji haukusikika. Watu wakajirusha huko, wakamkuta mzee anayeshona mavazi ya kutokea nje akielea kichwa chini, midomo imebadilika rangi. Wakampepea, akazinduka. Alipopata nguvu akatutania kwamba katika nyimbo za Mwalimu alishalala mara tatu na hakuna aliyemsumbua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, dada. Nilimtazama yule fundi, mtu asiyejua hata kushika sauti vizuri, akipigwapigwa mabega, na nikatamani wimbo ule ungekuwa umetoka kinywani mwangu. Sikulala kwa kuutamani.

Kamati ikatangaza kwamba utakuwa wimbo wa makazi yetu, na utafundishwa katika kila makazi yatakayojengwa baada ya haya. Siku iliyofuata nikabandika makala. Niliandika kuwa sauti ile si ya Fundi Pampu hata chembe. Ni ya marehemu Mama, aliyekuwa akiimba hivyo akikunja nguo za watu kule alikokuwa akifua. Nikasema fundi aliinyaka kwangu nikiwa najiimbia bafuni. Watu waliniamini. Nani abishane na mtunza nyimbo?

Fundi hakubisha. Alikuja mlangoni pangu, kisanduku cha zana kimefungwa kiunoni, akaniomba radhi. Alisema huenda ni kweli aliisikia bila kujijua, maana yeye hushinda nyuma ya kuta za watu. Kisha akaniomba nimwimbie wimbo wa Mama wote, aujifunze sawasawa, asije akamkosea marehemu. Nilimwambia nina kikohozi. Kesho yake alinitumia maji ya moto kwenye chupa.

Dada, wewe ulishaelewa tangu nilipokutajia makala yangu. Mama hakuimba. Alikuwa akisema kelele za mashine za kufulia zimemtosha, na akifika nyumbani hata redio tulizima. Nimemsingizia wimbo mtu ambaye aliomba kitu kimoja tu duniani, kimya.

Fundi ameuondoa wimbo wake hadi nitakapomfundisha wa Mama. Tumerudi kuimba zangu, wote kwa pamoja, na kila feni zinapozimwa namtafuta yule mzee kwa masikio nisimpate. Nilipigania sanaa ya kwetu isife angani, na leo mtu anaweza kufa ndani yake bila sisi kujua.

Kwa kuwa mimi bado "nakohoa", Kamati itakuuliza wewe kuhusu sauti ya Mama. Najua ungenifichia, kama ulivyonifichia kioo nilichokivunja ukachapwa wewe. Safari hii usinifichie. Waambie ukweli.

Wasalimie wote, na ulipitie kaburi la Mama, uniombee radhi kwa sauti ya chini.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo

Na ninyi wakaguzi watatu: msiirushe barua hii kabla hamjaisoma kwenye kipaza sauti, leo, feni zikiwa bado zinazunguka na Fundi Pampu akiwa ukumbini. Msikate hata neno. Kisha zimeni feni, mwambieni dobi aanze. Mstari wa jikoni nitaupokea mimi.