Sauti Yangu Kwenye Simu za Watu

Jumanne, 14 Januari 2025

Nimelitupa daftari hili tangu Pasaka, na sina udhuru wa kutosha. Macho yalinisumbua, kisha yakapona, nami nikaendelea kutoandika. Mwanafunzi angenipa sababu kama hiyo ningemsimamisha mbele ya darasa. Leo nimelifungua kwa kuwa asubuhi watu wamekuja kwangu kuzika, na hakuna aliyekufa.

Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa nanawa uso. Nikasikia watu uani. Alikuwa Balthazar, mchimba makaburi wetu, na jembe na sururu begani. Nyuma yake wanawake sita, wawili wana kuni kichwani, mmoja ndoo ya unga. Balthazar akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, Mwalimu. Tumchimbie nani?"

Nikamwambia sijui habari ya msiba wowote.

"Umetupigia mwenyewe," akasema.

Kwa miaka ishirini na sita mimi ndiye ninayetangaza misiba hapa Nanyala. Nilianza nikiwa bado nafundisha. Mtu akifa, wafiwa huja kwangu kwanza. Alfajiri nasimama nyuma ya kanisa na kipaza sauti, nasema, "Ndugu zangu, amkeni, nina neno." Kisha jina, ukoo na saa ya mazishi. Wa vitongoji vya mbali nawapigia simu. Watu hawangoji nimalize. Wakisikia mwanzo huo tu, mwanamume anatafuta jembe na mwanamke anapima unga.

Leo alfajiri simu zao zimeita, na sauti yangu ikawaambia, "Ndugu zangu, amkeni, nina neno." Balthazar alikata simu hapo hapo, akakimbilia sururu. Wanawake vivyo hivyo. Mmoja tu alisikiliza mpaka mwisho, na anasema nilizungumzia magugu.

Mimi nilikuwa nimelala.

Yule mwenye ndoo akasema unga haurudi nyumbani, usije ukaita msiba wa kweli. Wakapika uji, wakanywa, wakaondoka wakicheka. Balthazar hakucheka.

Jumatano, 15 Januari 2025

Nimeisikia.

Simu ya Rozi iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mke wangu ana kitochi chenye sauti kubwa. Akapokea, kisha akageuka kunitazama mimi niliyekuwa kando yake kitandani. Akanitazama mdomo.

Ni mimi. Siwezi kuandika vinginevyo. Inavuta pumzi mahali ninapovuta. Inakohoa kidogo kabla ya jambo zito, kama mimi. Inawataka wakulima wapulizie dawa ya magugu wiki hii, na inaitaja dawa hiyo kwa jina ambalo sijawahi kulitamka maishani. Magugu yatakufa, mahindi yatabaki. "Nawaambieni kama mzazi."

Kama mzazi! Nani kaniwekea maneno hayo kinywani?

Rozi akasema taratibu, "Baba Conjesta, ulipokwenda Vwawa ile mara, walikufanya nini?"

Nilikuwa nimeisahau Vwawa. Mwaka 2022 walikuja watu wa kampuni moja wakitafuta wazee wanaosema vizuri. Walisema wanahifadhi lugha. Siku nne nilikaa kwenye chumba chenye magodoro ukutani nikisoma sentensi, za Kiswahili na za Kinyiha. Bei za mazao. Majina ya miezi. Mstari wa ng'ombe, mstari wa mvua. Binti mmoja akaniuliza kama kuna maneno ninayoyasema mara kwa mara mbele ya watu. Nikamsomea tangazo la msiba. Akasema limemsisimua, nirudie. Nikarudia mara nne, nikajiona mtu.

Nilipewa nauli, chakula na cheti. Cheti kipo ukutani mpaka sasa. Yaani, kilikuwepo. Nimekishusha.

Alhamisi, 16 Januari 2025

Niliipigia ile namba iliyompigia Rozi ili niseme na mhusika.

Iliita mara mbili. Nikapokewa na mimi. "Asante kwa kupiga. Tafadhali subiri."

Nimejipigia simu, nikajipokea, nikajiambia nisubiri. Nilisubiri dakika kumi na tisa, salio likaisha.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Tabita amekuja kwa miguu kutoka kwake bondeni. Ni mdogo wangu wa mwisho, mjane kwa miaka minne sasa. Hakuketi. Akaweka mezani kifungu cha mimea, akakifungua.

Maharage. Majani yamekunjamana na kuwa manjano, mashina yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

"Shamba lote, Kaka," akasema.

Huku Mbozi hakuna anayepanda mahindi peke yake. Maharage yanakaa katikati ya mistari, na hayo ndiyo mboga ya mwaka mzima, ndiyo yanayowavusha kabla mahindi hayajakomaa. Dawa ile imefanya kazi yake. Imeacha mahindi, imeua kila kisicho hindi. Tabita alinunua chupa siku ile ile ya simu, akaazima bomba, akapulizia kabla ya mvua.

Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniuliza kwanza.

"Nilikuuliza," akasema. "Kwenye simu. Nilisema, Kaka, na maharage je? Ukaendelea kusema tu. Nikajua una hasira, labda kwa sababu sikuja Krismasi."

"Sikuwa mimi, Tabita."

"Nimekusikia tangu nikiwa na meno ya utotoni. Nitaikosea sauti yako?"

Rozi akamvuta jikoni. Nilibaki na kile kifungu. Tangu azaliwe, hajawahi kuniuliza jambo nisimjibu. Safari hii hakujibiwa, akadhani nimemkasirikia, akatii.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Tunduma. Conjesta, binti yetu anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, alinipokea stendi. Ofisi ya kampuni ipo ghorofani, juu ya duka la matairi. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za malori.

Meneja ni kijana anaitwa Clement. Akasimama, akanipa shikamoo kwa adabu kamili, akaagiza chai. Kando yake alikaa yule binti wa Vwawa, Gloria. Hakuinua macho.

Nikasema nimekuja kuichukua sauti yangu.

Clement akatabasamu kwa huruma. Akasema kooni kwangu hawajachukua kitu. Nizungumze, nihubiri, niimbe, hakuna atakayenizuia. Ile ya kwao ni mali nyingine, imetengenezwa na mashine.

"Mali hiyo inaitwaje?" nikauliza.

Akatazama kompyuta. "Sauti Namba Nne."

Conjesta akadai mkataba. Ukaletwa. Akausoma kwa sauti, kifungu cha saba: mtoa sauti anaikabidhi kampuni sauti yake na chochote kitakachozalishwa kutokana nayo, kwa matumizi yoyote, mahali popote, bila ukomo wa muda. Kisha akaugeuza mbele yangu.

Pembeni kulikuwa na wino mwekundu. Mwandiko wangu. Siku ile ya Vwawa nilikuwa nimeisahihisha karatasi yao yote, makosa kumi na moja, nikaona nimewasaidia. Kwenye kifungu cha saba niliongeza koma, nikaandika kando: "Vizuri."

Nimefundisha miaka thelathini na minne kwamba mtu asome kwanza maana. Sina la kuongeza.

Nikauliza habari ya maharage ya Tabita. Clement akasema ujumbe ulitaja shamba la mahindi, na mfumo hauna taarifa kwamba watu wanachanganya. Chupa ina maelezo. Conjesta akamwambia, "Kaka, wewe umelelewa kwa kula nini?" Clement akacheka, akakiri kwao Ibaba, wilaya ya Ileje, hata mgeni hupewa maharage asubuhi. Lakini mfumo umetengenezwa mbali.

Ndipo nikauliza kwa nini wanaanza na maneno ya msiba. Hapo Gloria alisema kwa mara ya kwanza. Walijaribu mianzo tisa. Kwenye mingine watu wanakata simu. Kwenye huo, nje ya Nanyala, wengi hawakati.

"Unajua ni maneno ya nini?" nikamuuliza.

"Ulinieleza, Mwalimu," akasema.

Chai sikuinywa.

Jumatano, 22 Januari 2025

Mama yake Deus, jirani yetu, amefariki jana jioni. Miaka themanini na tisa, mwalimu wa shule ya Jumapili wa watoto wetu wote. Deus alikuja kwangu kama ilivyo desturi.

Alfajiri nilisimama nyuma ya kanisa. "Ndugu zangu, amkeni, nina neno." Nikataja jina, ukoo, saa ya mazishi. Nikasubiri milango.

Hakuna mlango uliofunguka. Nikarudia. Kwenye nyumba ya tatu mtu akaongeza sauti ya redio. Nyumba nyingine mwanamume akasema, akidhani simsikii, "Ni Mwalimu au ni dawa?" na wenzake wakacheka ndani.

Nikapiga simu vitongojini. Wawili walikata nilipofika "amkeni". Mmoja aliniambia kwa ukali, "Wewe mashine, hebu taja jina la mke wangu." Nikalitaja. Akaomba radhi.

Mwishowe nilipita nyumba hadi nyumba, nikibisha hodi. Walitaka kunitazama nikisema. Hata Balthazar, niliyetangaza naye misiba yote hii, mimi kwa mdomo na yeye kwa jembe, alisimama hatua mbili kutoka kwangu na kuniangalia midomo. "Usinichukie," akasema. "Nimeshachekwa kwa sururu mara moja."

Kaburi lilianza kuchimbwa saa nne. Marehemu alizikwa saa kumi na moja badala ya saa nane, mvua ikinyesha, wengi hawajafika. Deus hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Ijumaa, 24 Januari 2025

Wazee wa kanisa wamekaa nami tangu saa tatu. Ombeni, mwenyekiti wao, niliyemfundisha darasa la nne, alizungumza huku akitazama sakafu. Alisema wananiheshimu. Alisema msiba mwingine hauwezi kuzikwa hivi. Ama sauti ile ikome, ama kazi ya kutangaza apewe mwingine.

Tukiwa bado tumekaa, simu ikaita. Gloria. Nikaiweka kwenye spika wote wasikie. Akasema ameomba kwa wakubwa na wamekubali. Wataiondoa Sauti Namba Nne kwenye simu zote za Mbozi kuanzia Jumatatu. Sharti ni moja: nitie saini karatasi mpya kwamba nimeridhia, sina dai lolote, na sauti itaendelea wilaya jirani za Ileje na Momba. Karatasi ameshaituma kwa Conjesta.

"Kule hawakujui, Mwalimu," akasema. "Haitakusumbua tena."

Wazee walishusha pumzi. Ombeni akashukuru kwa niaba yangu kabla sijafungua mdomo. Nilimkumbusha kwamba hakuulizwa.

Conjesta, aliyeichapa na kuileta mchana, anasema nisipotia saini hatuna nguvu ya kuwazuia. Mkataba ni wao. Kesi itachukua miaka, na kila alfajiri simu zitaendelea kuita hapa, na kila msiba utabishiwa hodi. Nikitia saini, Nanyala itaniamini tena. Nitatangaza, milango itafunguka.

Rozi anataka nitie saini. Amesema wazi, na ana haki. Amechoka kuamshwa na waume wawili.

Tabita alikuwa mlangoni muda wote. Ameng'oa maharage yaliyokufa na hana mbegu ya kurudia. Sikutegemea aseme kitu. Aliuliza tu, "Na kule Ileje, mwanamke akiuliza kuhusu maharage, atajibiwa na nani?"

Sikumjibu, na alinitazama mdomo.

Karatasi ipo mezani. Nimeisoma mara tatu, na safari hii sikushika kalamu nyekundu. Ombeni anataka jibu Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu wote, kwa sauti yangu mwenyewe. Daftari hili nalifunga hadi nitakapokuwa nimetoa jibu hilo.