Upande wa Kombe Ulio Kwako

Chumba cha nyuma ya duka la saa,
Jumapili, nguo zikiwa bado kwenye kamba.

Mpendwa wifi yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kalamu nimeishika mara nyingi, ila kila nikiandika "mpendwa wifi" naona kama naanza barua ya msiba upya, naiweka chini. Leo nimejilazimisha. Simu nayo haitufai sisi wawili. Unalia, nalia, salio linakwisha hatujaulizana hata habari.

Basi nianze na habari. Hujambo? Miguu inaendeleaje, bado inavimba kwa kusimama kutwa na hao wazee unaowahudumia? Unakula chakula cha kueleweka, au unashindia chai kama kawaida yako ukiwa na majonzi? Na shemeji je, kifua kimemwachia?

Sisi miili ni mizima. Mdogo ameota jino, na kazi ya kwanza ya jino hilo ni kuning'ata mimi ninapomnyonyesha. Nikigutuka anacheka. Mama mkwe presha imeshuka. Bado yuko nasi, amekataa kurudi kwake mpaka anione nimenenepa. Nimemwambia kwa mtindo huo tutazeeka wote chumba hiki kimoja.

Najua hukuelezwa vizuri kaka yako alivyoondoka, kila mtu alikuwa anakuficha. Alikuwa mezani kwake, lenzi jichoni, anafungua saa ya mteja. Aliniita kwa sauti yake ya siku zote, akasema mkono umekufa ganzi, nimletee maji. Niliporudi na maji alikuwa ameinamia meza, kama anavyofanya akisikiliza kama saa inatembea. Hospitali tulifika akiwa hai lakini hakusema tena. Hakuteseka, wifi. Nilikuwa nimemshika mkono, ningejua.

Na la maziko usiendelee kujisaga nalo. Ruhusa ya kazini ulinyimwa, hukukataa kuja. Hapa hakuna aliyekusema, na kama yupo, hakusema mbele yangu.

Sasa nikueleze kilichonikalisha kuandika. Unalikumbuka lile kabati la vijidroo, alilokuwa anawekea vipuri vya saa? Vipuri alivihamishia kwenye makopo, kabati akalifanya la makombe ya baharini, yale mliyookota pamoja utotoni na mengine aliyoongeza mwenyewe. Kila droo ukoo wake, na kila kombe kikaratasi chake chini. Mwaka huu alianza kumfundisha binti yetu. Jioni akishafunga duka wanakaa wawili, anamwekea kombe kiganjani, anamuuliza, "Huyu wa kwa nani?" Anajibu, wanabishana, mimi huku naungua na moshi wa jiko sijui wanachocheka.

Baada ya maziko kina mama walikuja kunisaidia usafi. Mama yetu hakuweza kukaa bure, unamjua, mikono yake ikikosa kazi ndipo moyo unapomzidi. Akavuta droo zote, akamimina makombe yote kwenye beseni moja, akayaosha kwa sabuni, akayaanika kwenye shuka uani. Vikaratasi vikawa uji. Akaniita kwa upole, "Njoo uone, mwanangu, nimekuoshea. Yalikuwa yamejaa vumbi." Nikamwambia ahsante, mama. Ningesema nini? Hajui alichokifanya, na nakuomba sana asijue. Kamwosha mwanawe kwa namna aliyoiweza.

Lakini binti yako alijua. Alisimama mlangoni akaitazama ile shuka, akanyamaza. Unajua kwa nini tulimwita Chiriku, huyu mtoto alikuwa anaongea mpaka na kijiko. Tangu siku ile jina likabaki jina tu. Shule anaenda, mwalimu anasema anakaa kama mgeni. Chakula anakigusa tu. Nikimuuliza, anatikisa kichwa.

Ikabidi nijaribu kuyapanga mwenyewe. Wifi, kwangu mimi kombe lilikuwa kombe. Nikapanga kwa rangi: meupe huku, ya madoa kule, ya kahawia pale. Nikajiona fundi. Chiriku akaja, akasimama juu yangu, akatazama, halafu nikasikia sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau.

"Mama, hao siyo ndugu. Wamevaa sare tu."

Nikamuuliza, basi ndugu nitawajuaje? Akakaa chini. "Usitazame nguo. Tazama mdomo."

Wifi, nilimshukuru Mungu kimya kimya na nikajifanya mjinga zaidi ya nilivyo. Haikuwa kazi ngumu.

Tangu hapo ndiye mwalimu wangu. Kwanza, anasema, simamisha kombe ncha ikiwa juu, uangalie mlango uko wapi na una umbo gani. Simbi hana ncha ya kuonekana, ana mgongo wa kung'aa kama sahani, na chini ana mdomo mrefu mwembamba wenye meno pande zote mbili. Koni naye mdomo ni mrefu vile vile ila hauna jino hata moja, na juu ni bapa kama amekatwa kwa msumeno. Huyo, kasema, ukimkuta baharini akiwa hai usimshike, ana sumu, baba aliwahi kumfukuza mtu mzima kwa sababu yake. Yule mrefu aliyejisokota ni ukoo wa skrubu. Mwenye umbo la pia ya watoto, na ndani anameta kama lulu, ni ukoo wa pia. Wa mviringo, laini, mwenye tundu ubavuni mwa mlango ni ukoo wa vitovu. Wa kofia wanajitambulisha wenyewe, hawana msokoto wowote, ukiwalaza ni kofia kweli.

Nikakosea mbele yake mara nyingi. Kuna kimoja chembamba, chepesi, mdomo wazi na hakina meno. Nikakitupa kwa wengine. Akakirudisha. "Huyu ni simbi. Bado mtoto, hajaota meno. Kama mdogo wetu." Kisha akacheka kidogo. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Hivyo droo zimejaa moja moja, na mimi nikafikiri tunapona. Kumbe kilichokuwa kinatusubiri ni ukoo wa pacha, wale wa pande mbili zinazofungana kama kitabu. Mama alipoosha, pande zote ziliachana. Chiriku akachukua lenzi ya baba yake na kunionyesha pale nyuma, kwenye bawaba, vijino vidogo sana. Kila upande una vijino vyake, na haviingii sawasawa ila kwa mwenzake aliyezaliwa naye. Unaweza kupata wawili wa ukubwa mmoja, rangi moja, mistari ile ile, ukiwafunga wanapwaya.

Tukawaunganisha wote kwa subira. Akabaki mmoja, yule mkubwa mwenye michirizi ya zambarau ndani. Unamjua kuliko mimi. Kaka yako alinisimulia kwamba siku unaondoka mlimtenganisha kwa kisu cha kukatia mikate, ukachukua upande mmoja, yeye akabaki na wa pili, na mkaahidiana kumfunga siku mkikutana. Alikuwa amempa droo ya katikati peke yake. Alimwambia Chiriku asimwonee huruma, mwenzake yuko kwa shangazi.

Juzi nilirudi kutoka kisimani nikamkuta Chiriku amepiga magoti kwenye ngazi ya saruji, anasaga. Alikuwa ameshika upande wa kombe jingine, anausugua ukingo wake kwenye saruji, anaujaribu kwa yule wa baba yake, haukai, anasugua tena. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Nikamshika mikono. Hakushindana nami. Aliniuliza tu, "Nikimsaga vizuri si ataingia?"

Nikamwambia hapana, mama, hataingia.

"Tukimaliza kabati, baba si atakuja kulifunga?"

Wifi, hilo ndilo lililokuwa ndani muda wote huo. Kumbe mwenzangu alikuwa anamwandalia baba yake pa kurudia. Nilimweka magotini, nikamfuta damu kwa kanga niliyojifunga, nikamwambia ukweli. Baba harudi. Kabati tutalifunga sisi. Sikulia, kwa sababu nikilia atadhani akinibembeleza jambo litabadilika. Ni neno gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mwanangu, nililisema mara mbili ili lisimpite.

Alimalizia kujifuta vidole kwenye kanga yangu. Halafu akanionyesha yule wa zambarau. "Na huyu? Wake naye harudi?"

Nikasema wake yupo. Yuko kwa shangazi.

"Una hakika?"

Nikamwambia nina hakika. Wifi yangu, sina hakika. Umehama nyumba, umehama mji, umeishi kwenye vyumba vya watu. Sijui kama unao au ulibaki kwenye sanduku la mtu. Lakini mtoto alilala siku hiyo amekumbatia ule upande mmoja, na asubuhi alikula mkate wote na kumkaripia mdogo wake. Amesimama juu ya neno langu, na neno langu limesimama juu yako.

Kwa hiyo naomba uniambie kweli. Kama ulipotea, sema ulipotea. Nitajua la kumwambia, nimeshamwambia kubwa zaidi. Ila usininunulie kombe jingine la kufanana ukadhani atafurahi. Atachukua lenzi, atatazama bawaba, na siku hiyo atakuwa amekupoteza na wewe.

Sikutwishi mzigo. Najua kaka yako alikuwa wako kabla hajawa wangu, na huko uliko, ukimtoa shemeji, hakuna hata mtu wa kumtaja mbele yake akajua unamsema nani. Hilo linaniuma zaidi ya yangu. Mimi ninapolia kuna anayeniwekea mkono mgongoni, hata kama ni mama aliyenioshea makombe.

Duka nimeliacha kwa yule fundi rafiki wa kaka yako, analipa pango na anatutazama. Saa za wateja zimerudishwa zote ila moja. Ile iliyokuwa mezani siku ile, mwenyewe alikuja, akaishika, akashindwa kuondoka nayo. Akasema ikae. Iko ukutani.

Mama anakusalimu, anasema upunguze chumvi. Fundi na mkewe wanakusalimu. Mdogo hajui salamu ila ana jino. Chiriku anasema, "Mwambie shangazi simbi ni wangu, asiwadai." Nisalimie shemeji, na yule bibi wa wodi yako anayekuita mwanangu, mwambie huku tunamshukuru.

Mungu akushike mkono pale ambapo sisi hatufiki.

Ni mimi wifi yako, akupendaye leo kama siku ile uliponipokea mlangoni kwenu,
Mama Chiriku.

Tunavyohitaji bado, nisije nikasahau: Brashi laini ya kusafishia, hapa ni ngumu zote, zinakwaruza. Jina mliloupa ukoo wa wale wenye miiba, tumewaweka pamoja lakini Chiriku hakumbuki na hataki niwabatize mimi. Picha yoyote ya kaka yako akiwa mtoto, kwangu zote ana ndevu, na mwanawe anataka kujua kama walifanana. Soksi za mdogo, miguu inakua.

Na upande wa kombe. Huo kama upo, usiutume, njiani watauvunja. Uje nao mwenyewe, hata ikiwa ni mwakani. Droo ya katikati tumeiacha wazi.