Viwavi Waliokataa Kufa

Agatha uko wapi. Kaka Mwinshehe kampiga Nickson wa duka la pembejeo. Kampiga vibaya.

Sikia. Asubuhi kajaza viwavi wa shambani kwetu Mvumi kwenye chupa ya soda, kapanda nao bodaboda mpaka Kilosa. Mahindi yote yameliwa, na kapulizia mpaka kachoka. Akamwambia Nickson, "Umeniuzia maji. Wamwagie dawa yako hapa hapa nione." Nickson akawamwagia. Wakatambaa tu.

Wakatambaa tu, Agatha. Kaka akawa mbogo. Kamvuta Nickson juu ya kaunta, kampiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Kamkalia kifuani anataka kumnywesha ile dawa. "Kunywa, si ni maji?" Watu ndio wamemtoa.

Sasa kulikuwa na mama wa Munisagara, Sipora, kaja na majani ya mahindi yenye viwavi kuulizia dawa. Kwake hajawahi kupulizia chochote. Nickson, damu inamchuruzika, kachukua chupa ile ile ya dawa akawamwagia wa Sipora. Wakajikunja, wakafa.

Nickson akamgeukia Kaka, akasema, "Kila msimu dawa hii hii, nikikwambia ubadilishe hutaki. Unaua wale dhaifu. Wanaobaki ndio wamezaa hawa."

Kaka kakaa hapa uani, ngumi imevimba, chakula hagusi. Kaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo hawa nimewafuga mimi?"

Chupa yake ya soda iko hapa pembeni. Bado wanatambaa.