Mama Clemensi na Geti la Chini

Mzee Inosenti, jirani yetu anayemimina chai kule klabu ya gofu, anasema Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Anasema aliona mwenyewe: ulipomaliza kusema ombi lako, Haji Shaabani alishusha kichwa, akakiinua. Wengine waliokuwepo wanasema Haji alikuwa anapuliza chai. Mzee Inosenti hakubali. Chai ile aliimimina yeye, na haikuwa ya moto kiasi hicho.

Umetimia mwaka sasa, Mama, tangu ulipotuacha mwisho wa masika ya 1987, na neno hilo bado linabishaniwa hapa Karatu.

Ulibatizwa Antonia, lakini wengi walikujua kama mama wa kondoo wa gofu. Ulipoolewa uliikuta klabu. Ulituhadithia kwamba wenye mashamba ya kahawa ndio walioianzisha. Kila mmoja aliweka hisa yake na kuleta trekta lake kufyeka kilima. Haikuwa ya mtu mmoja, na hilo ulilipenda. Maji ya kumwagilia hayakuwepo, kwa hiyo kuzunguka kila shimo waliweka duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu. Nyasi za katikati ziliwashinda, wakakuomba ulete kondoo. Hamkuandikiana. Wao wapate uwanja wenye nyasi fupi, kondoo washibe, na geti la chini, la upande wa mto, liwe wazi kila asubuhi.

Kondoo walipita kwenye mchanga ule wakatoka na miguu myeusi kama waliovaa soksi. Hata mnadani, akionekana aliyepotea, watu walitazama miguu tu wakasema, huyu ni wa Mama Clemensi, arudishwe.

Mipira iliyopotea uliiokota na kuirudisha. Siku moja mpira ulimpiga kondoo, ukamwambia mchezaji kwa upole, "Shimo lina bendera, bwana. Huyu hana." Alicheka mpaka akakaa chini.

Si kondoo wote walikuwa wako. Rafiki yako Naishorua wa Endulen alikuwekea majike, uwatunze, na katika wanaozaliwa upate wako. Ulitufundisha kwamba mnyama wa kuwekewa hafi njaa mkononi mwako. Ukishindwa kumlisha, unamrudisha kwa mwenyewe akiwa mzima.

Mashamba yalipobadilisha mikono miaka ya sabini, wanachama wengi waliondoka. Paa la klabu likavuja, popo wakahamia chumba cha vikombe. Watu walikushauri ulime mahindi pale. Ulijibu, "Hawajaniaga." Ukaendelea kupeleka kondoo, hata mwaka ule wa ukame.

Mwaka 1986 wanachama waliobaki waliungana na wapya: wenye maduka, madaktari, watu wa hoteli za Ngorongoro. Waliezua paa wakaweka bati jipya, wakapiga sakafu nta, wakaleta mchanga mwingine. Walishangaa kukuta uwanja haujawa msitu. Kisha wakazungusha seng'enge, wakanunua mashine ya kukata nyasi, ya kuvutwa na trekta. Geti la chini wakalitia kufuli.

Ulivaa gauni la kanisani ukaenda mkutanoni. Ulikalishwa karibu na mlango. Haji alikusalimia vizuri, akakuuliza una shida gani na mashine yao.

"Sina ugomvi na mashine, Haji. Mashine ikate, na kondoo nao wale. Naomba lile geti mniachie wazi kama zamani."

Ndipo ilipotokea hiyo ya kichwa na chai. Baada ya hapo wakaendelea na habari za bati. Wiki ile ile kifua kilikubana, na kila tulipoingia chumbani uliuliza kama wamefungua.

Tumewauliza, Mama. Kila mwanachama tunayekutana naye barabarani anatupa pole, halafu anasema yeye peke yake hawezi, klabu ni ya wote. Haji naye anasema hivyo hivyo. Mashine ilikata mkanda Pasaka, unasubiriwa mwingine kutoka Arusha. Ndani ya seng'enge nyasi zinafika magotini. Nje, kiangazi kimeanza. Naishorua ametuma salamu kwamba atatuvumilia. Hakusema mpaka lini.

Basi wanachama watakaosoma kumbukumbu hii gazetini, tunawaomba wote kwa pamoja. Kama Mwenyekiti aliitikia, kufuli lifunguliwe kabla majani ya nje hayajaisha. Kama alikuwa anapuliza chai, tuambiwe, turudishe kondoo wa watu wakiwa bado na nguvu za kutembea hadi Endulen.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Piusi, wanao Clemensi, Cresensia na Marsela aliyeandika haya kwa niaba ya wote, wajukuu zako, rafiki yako Naishorua, na jirani yako Mzee Inosenti, ambaye hajabadilisha maneno yake.

Hutatutoka moyoni, Mama. Miguu ya kondoo imerudi kuwa myeupe. Kila asubuhi bado wanashika njia ya geti la chini, wanasimama pale, nasi tunawarudisha.