Mashine Iliyougua Tangu Nilipoolewa

Lubumbashi, Makomeno
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili kabla sijaanza kulia. Mguu wako umepona? Baba bado anakohoa asubuhi ziwa likiwa na ukungu? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula vizuri, hata mashavu yameongezeka. Ila moyo umejaa hofu, na nina muda hadi saa sita tu, kwa sababu mama muuza samaki atakayekuletea barua hii anarudi huko kwenu Kilwa, ziwani, leo na lori la vikapu vitupu.

Kwanza nikuambie furaha, usije ukadhani nimeolewa vibaya. Mama, huu ni mwezi wa pili na bado nikisikia viatu vya Héritier getini nasahau sufuria jikoni. Ananimenyea viazi! Mwanaume huyu, mbele ya majirani! Timu yake kwenye mchezo wa kompyuta ameipa jina langu, na ikifunga bao anapiga kelele "Clarisse!" mbele ya wateja wote, mimi najificha nyuma ya pazia nikicheka kama mtoto. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kupendwa namna hii mchana kweupe.

Kompyuta hiyo ndiyo kazi yetu. Iko kwenye chumba cha mbele cha kajumba tunakopanga nyuma ya nyumba kubwa, na vijana wa mtaa wanakuja kucheza mpira kwenye skrini, wakilipa kila mechi. Wiki ile ile niliyoingia hapa, Héritier alitoa prosesa ya zamani, yaani ubongo wa mashine, akatia mpya yenye nguvu kuliko ile mara nyingi. Alisema ni zawadi ya arusi yetu kwa nyumba.

Tangu siku hiyo mashine inaumwa. Dakika za kwanza inakimbia vizuri, halafu ghafla wachezaji wanaanza kuvuta miguu, mpira unasimama hewani, picha zinakatika-katika. Vijana wanacheka, wanasema timu imelewa.

"Vieux Héritier, équipe yako ilikunywa lutuku?"

"Kipa iko nasali! Mumuache amalize!"

Halafu wanaondoka kwenda kucheza kwingine, na hawarudi.

Héritier amejaribu kila kitu. Aliingiza upya programu zote. Alihamisha waya wa skrini, akasafisha vijiti vya kumbukumbu, akabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa. Alipima hata joto lake, mashine ikiwa wazi mezani, akasema joto ni la kawaida. Juma lililopita aliibeba hadi kwa rafiki yake Papy, fundi wa mjini. Kule ilicheza saa nzima bila kukwama! Papy akamwambia, "Mashini yako iko muzima, ndugu. Inakimbia sawa mutoto mwenye alikula. Uende uangalie kwako kuko nini."

Ikarudi nyumbani. Baada ya robo saa, ikaanza tena kuvuta miguu.

Hapo shangazi yake, tantine Générose, anayekaa nasi tangu arusi, alipata neno. Alikuwa anachambua matembele, hata hakuinua macho.

"Kwa Papy inatembea, hapa haitembee. Tangu bibi yako aliingia mu hii nyumba. Miye sisemi kintu. Minauliza tu."

Bibi huyo ni mimi, mkewe. Héritier akamwambia, "Tantine, acha." Lakini alisema polepole, Mama. Nilisikia jinsi alivyosema polepole, na tangu siku hiyo naogopa hata kupita karibu na ile mashine.

Bado sijakuambia lililo baya zaidi. Alhamisi alitoa chini ya kitanda mabuti yake ya zamani na tochi ya kichwa, akayaweka karibu na mlango. Akanishika mkono. "Chérie, wateja balishaisha. Lundi minaenda Kambove."

Kwenye mashimo ya madini ya Kambove, Mama! Unakumbuka alivyotueleza siku ya mahari, Baba alipomuuliza kovu lile la begani limetoka wapi? Udongo wa shimo ulimfunika hadi kifuani, wenzake wakamchimbua kwa mikono kuanzia asubuhi hadi jua la mchana. Wawili waliokuwa chini yake hawakutoka. Aliapa mbele yenu kwamba harudi. Nilipomkumbusha alisema tu, "Niliapa nikiwa na mashini yenye kutembea." Tangu Alhamisi mabuti yako pale mlangoni, na kila nikipita naona kama miguu ya mtu aliyesimama akimngojea mume wangu.

Asubuhi hii ametoka kwenda kupatana na dereva wa Kambove. Kabla hajaondoka alicheza mechi moja peke yake, kama anaaga. Ilikwama. Akaizima, akatoka bila kunywa chai.

Mimi nikaanza usafi wa Jumamosi. Unakumbuka kitambaa cheupe ulichonifumia kwa sindano, chenye ndege wawili? Ulisema, kila kitu cha thamani nyumbani mwako ukifunike, mwanamke anajulikana kwa vitambaa vyake. Nilichagua kitu cha thamani kuliko vyote. Siku ya kwanza kabisa nilikitandika juu ya mashine, na vumbi jekundu la hapa halikuigusa tena. Nakifua kila Jumamosi na kukitia wanga kikae kigumu kama karatasi. Héritier akitaka kufungua mashine ananiita nije nikitoe mimi mwenyewe. "Kintu buko alifunika, miye siwezi kufunua." Ndivyo anavyokuheshimu mama mkwe wake.

Leo nilipokishika kilikuwa cha moto. Mama, cha moto kama kimetoka kwenye pasi! Na bati lililokuwa chini yake limejaa matundu madogo, na ndani ya matundu kuna feni inayopuliza hewa juu. Mashine ikiwaka inapuliza, na hewa inakutana na wanga wangu.

Nikakikunja kitambaa, nikakumbuka. Kwa Papy haikuwa na kitambaa. Alipopima joto, kitambaa kilikuwa mkononi mwangu. Prosesa ya zamani labda isingeona tofauti, haikuwa na moto mwingi. Hii mpya, Héritier alieleza siku ile ya kupima, ikizidi kupata joto inapunguza mwendo yenyewe isiungue, kama punda anayekataa mlima.

Niliiwasha bila kitambaa. Sijui kucheza, nilikuwa nabonyeza tu. Robo saa ikapita. Nusu saa. Wachezaji wanakimbia, Mama, wanakimbia kama wametumwa!

Sasa ndipo hofu yangu halisi ilipo. Tantine alisema ni mimi, na kweli ni mimi. Nikikificha kitambaa na kunyamaza, mashine itaonekana imepona yenyewe, lakini Héritier atabaki haiamini, na Jumatatu atakwenda. Nikisema, nitakuwa nimempa tantine ushahidi kwa mkono wangu. Naandika huku mchezo unalia chumba cha mbele. Nasikia geti. Ni viatu vyake.

*

Mama, nimerudi kwenye karatasi, lori bado halijaja.

Nilimsubiri aingie, na tantine akiwa pale pale, nikasema, "Ni mimi niliyeiziba pumzi." Nikamwekea kitambaa mkononi, nikamwonyesha bati nililokuwa nalifunika. Aligeuza, akatazama matundu, akakaa mbele ya skrini, akacheza mechi nzima. Mpira haukusimama hewani hata mara moja.

"Shi nilisema!" tantine akapiga makofi. "Shi nilisema ni bibi!"

"Ulisema, tantine," Héritier akajibu. "Na yeye njo alijua dawa. Papy alishindwa, miye nilishindwa."

Alicheka hadi machozi, lakini macho yake yalirudi mlangoni. "Dereva nilishamupa neno," akasema. "Na wateja, nani atabarudisha?"

Nilichukua kitambaa chako, nikakitandaza vizuri juu ya mabuti na ile tochi, ndege wawili wakitazama juu. Akachuchumaa mbele ya mabuti. Halafu akasema polepole, lakini safari hii polepole ile ya zamani, ninayoipenda:

"Ah, Clarisse. Njo namna hii unanifungia njia?"

Hajakigusa. Sasa hivi anampigia dereva simu.

Nisamehe, Mama, kazi ya vidole vyako imeishia juu ya viatu vya matope. Usiniambie nikiondoe. Msalimie Baba, dada mkubwa na mumewe, bibi anayelinda nyavu, na mama mdogo aliyenifundisha kutia wanga. Mwambie amenifundisha vizuri mno.

Mimi binti yako, mke wa mtu aliye nyumbani,
Clarisse