Picha Aliyoipenda Mama

12 Februari

Kwako dada yangu,

Salamu nyingi. Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na mgongo haukusumbui kwa kuinamia cherehani. Mimi sijambo. Kifua kilinibana siku za baridi, sasa kimeachia.

Miaka minne ni mingi. Najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha unaweza kuitia motoni bila kuifungua. Kama umeifungua, ahsante.

Bado niko hoteli ileile, chumba cha chini cha kufulia nguo. Kazi yangu ni kukunja: shuka, foronya, taulo, kutwa nzima. Mashine zinanguruma hivi kwamba tunazungumza kwa mikono kama mabubu. Mchana tunapewa nusu saa, tunapanda kula juu, kwenye chumba cha wafanyakazi. Kuna televisheni ukutani ambayo hakuna anayeitazama. Jana nikainua macho kutoka kwenye sahani, na nani namwona? Yule dereva wetu wa kike, wa ile picha ya sinema! Yule ambaye wanaume wa mji walikataa kupanda basi lake. Dada, nilisahau kumeza.

Nikangoja wimbo. Unaukumbuka, ule anaoimba akibadilisha tairi kwenye mvua? Ndio ninaoupenda mimi. Kwanza nilishangaa kuona picha yenyewe haina rangi. Miaka yote hii kichwani mwangu gauni lake ni jekundu.

Kisha kengele ikalia, nikarudi chini mwisho sijauona, kama zamani. Jumamosi mchana Mama alikuwa anatuingiza bure kwenye ukumbi wa sinema aliokuwa anaufagia, anatukalisha safu ya nyuma karibu na mlango. Picha ikikaribia kwisha anakuja na ufagio wake, ananong'ona, "Haya, nje," meneja asije akatukuta taa zikiwashwa. Ile picha tumeiona mara ngapi? Mara kumi? Wewe uliwahi kujua inaishaje?

Ni hilo tu nililotaka kuuliza. Wasalimie majirani.

Mdogo wako


9 Aprili

Kwako,

Barua imefika. Mimi ni mzima. Mgongo ni uleule.

Nimekaa nayo wiki saba kwa sababu sikujua nikujibu nini. Mama yetu amezikwa, hukuonekana, hukuandika, miaka minne imepita, halafu unaniandikia habari za picha. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Sisi tumegombana mpaka jembe limeota kutu.

Lakini kwa kuwa umeuliza. Mwisho siujui. Tuliiona mara kumi na moja, si kumi, nilikuwa nahesabu. Na gauni lilikuwa la kijani. Ndiyo, najua haikuwa na rangi, usinifundishe. Mimi nililiona la kijani. Lilikuwa na kola pana na marinda manne mbele, na nilikuwa nakaa pale gizani nawaza marinda yale yameshikwa vipi mpaka hayafumuki akipanda basi. Ndiyo maana naipenda. Wewe ulikuwa unasikiliza nyimbo, mimi nilikuwa nashona.

Ukumbi wenyewe sasa ni ghala la magodoro.

Sina zaidi.

Binti mkubwa wa marehemu Mama


28 Aprili

Kwako dada yangu mpenzi,

Nimefurahi kwamba u mzima. Mimi pia ni mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni mpya waliyotuletea.

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika. Sikujua kama ushonaji wako ulianzia kwenye safu ile ya nyuma. Tumekaa kiti kimoja, mimi nikidhani tunatazama kitu kimoja.

Basi nikaanza kuwauliza watu huku kazini: picha gani unaipenda kuliko zote, na kwa nini? Walidhani nimechoka akili. Lakini kila mtu anayo. Mzee wa pasi anapenda picha moja ya ngumi. "Ngumi zenyewe sina habari nazo," akaniambia. "Baba yangu alikuwa mtu wa kununa. Siku tuliyoitazama alicheka mpaka akavua miwani. Sikumwona akicheka tena." Kila mwaka anaitafuta aitazame, na nadhani anamtazama baba yake. Msimamizi wetu, mwanamke mkali kama pilipili, anapenda ile ya kuhuzunisha kuliko zote. Nikamuuliza sababu, akaangalia pembeni. "Mle ndani ukilia hakuna anayekuuliza una nini."

Nikapanda kulala nikijiuliza, Mama je? Alizipitia picha zote za mji ule na ufagio wake. Yeye alipenda ipi? Nikagundua sijui, dada. Mtoto wake wa kumzaa, sijui.

Hapo ndipo nikaona niache kuzungukazunguka. Nilikuja. Habari ya msiba ilinifikia siku ya pili, nikapanda gari usiku huohuo, nikafika mmeshazika. Nilisimama nje ya ua wa nyumbani na begi langu. Walikuwa wanapakia viti vya kukodi. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, unafuta sufuria, na mama mmoja akakuuliza, "Na yule mdogo wako?" Nikakusikia kwa masikio yangu: "Sina mdogo."

Nikageuka na begi langu mpaka stendi. Sikukaa hata saa moja.

Ningeweza kuingia. Ningeweza kukupigia magoti mbele za watu. Kila siku nikikunja shuka nafikiria zile hatua kumi na mbili kutoka kwenye ua mpaka mlangoni. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba nilifika.

Kitindamimba wenu


3 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Sijambo, ingawa mwezi wa tano nililala kitandani siku tisa kwa homa na mwezi wa sita sikuwa na homa ila sikutaka kuamka. Usidhani nilikasirika. Nilianza barua hii mara nne. Mafundi wenzangu dukani waliniona nachana karatasi wakadhani nina mchumba.

Ni kweli nilisema. Sitasema ulisikia vibaya.

Sasa nikwambie kilichonifikisha pale, maana hujawahi kuambiwa. Mama aliugua miezi minane. Mwanzoni alisahau funguo, kisha akasahau njia, kisha akanisahau mimi. Nilikuwa namwogesha, namlisha, nabadilisha shuka mara tatu kwa siku. Na kila asubuhi nikifungua mlango uso wake unachangamka, anasema, "Kitinda, umekuja!" Alikuwa ananiita wewe. Siku za mwanzo nilimsahihisha. "Mimi ni yule mkubwa, Mama." Akawa anauliza kwa upole, kama anaongea na mgeni, "Mkubwa yuko wapi siku hizi? Haji kuniona." Nikaacha kumsahihisha. Nikawa Kitinda. Alikufa akiwa ameshika mkono wako, na mkono ulikuwa wangu.

Siku mbili baadaye mtu akaniuliza habari za mdogo wangu. Nilijibu nilivyojibu. Kama ningejua uko nyuma yangu, sijui. Labda ningesema vilevile, kisha nikakukimbilia. Labda ningekutupia sufuria. Lakini ningegeuka.

Umeuliza alipenda picha ipi. Ni ileile yetu. Kwenye ugonjwa wake alikuwa ananisimulia kila jioni, mimi Kitinda wake. Hakuitaja mvua wala gauni. Alikuwa na mahali pamoja tu. Dereva amemaliza kazi, abiria wameshuka, anakaa kwenye ngazi ya basi, anavua viatu, anamenya chungwa. Analila lote, polepole, peke yake. Mimi sikumbuki kabisa kama papo kwenye picha. "Hakuna aliyemwomba kipande," Mama alikuwa ananiambia, na macho yanamng'aa. "Chungwa zima, Kitinda. Hakuna aliyemwita."

Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikakaa chini. Mama yetu, na sisi wawili tumemning'inia kila upande maisha yake yote, alikuwa anasimama mlangoni na ufagio kungoja mwanamke mmoja ale chungwa.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, na inaishaje?" Akaniangalia kama mjinga. "Nitajuaje? Nilikuwa nafagia."

Mimi si hodari wa maneno ya msamaha, wala sijui nani kati yetu aanze. Nina kitambaa kabatini. Nimekinunua mwezi uliopita, sikujua cha nini. Nitumie vipimo: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani mpaka goti. Usijipime mwenyewe, utakosea. Tafuta mtu akupime.

Dada yako


21 Septemba

Kwako dada yangu,

Salamu na mapenzi. Natumai homa haijarudi. Ukilala tena siku tisa, mtu aniandikie.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, sikuweza kufika chumbani. Nitakujibu yote, lakini si leo. Leo naweza hili dogo.

Umesema nitafute mtu anipime. Nilikaa kitandani nikafikiria nani. Kazini tunaongea kwa mikono, jioni kila mtu anashika njia yake. Nikahesabu watu ninaoweza kuwaambia wanizungushie kamba kiunoni, sikupata hata mmoja. Ndipo nikaelewa nimeishi vipi huku.

Chumba cha pili kuna mama mtu mzima, anakata tiketi stesheni. Miaka minne tunatenganishwa na ukuta wa mbao. Nakijua kikohozi chake, na yeye bila shaka analijua birika langu, lakini tukikutana kwenye ngazi tunaitikiana kwa kichwa tu. Jumapili mchana nikamgongea. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba unipime. Dada yangu ananishonea gauni."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Marahaba. Una dada, kumbe?"

"Ninaye."

Hakuwa na futi ya kushonea. Alitumia uzi na rula ya ofisini kwake, akahesabu kwa sauti huku mimi naandika. Kifua inchi thelathini na nne. Kiuno ishirini na nane. Nyonga thelathini na nane. Begani mpaka goti arobaini na moja, lakini amesema uongeze mbili, nguo fupi haimpendezi mtu wa rika langu.

Halafu akaushika mkono wangu hapa juu, akaubonyeza, akasema nimekonda, sili vizuri, nikae nile. Tangu niondoke nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikakaa, nikala.

Mdogo wako