Mume Wetu Amepewa Tuzo

Shabani, mume wangu,

Akiiokota mtu barua hii atashangaa bibi kizee wa Kibiti kuwa na mume kijana aliyesoma chuo. Ashangae tu. Nilianza kukuita mume siku walipokuleta umefungwa kwenye khanga, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Nikasema huyu ndiye niliyekuwa namngoja, babu yake sasa kapata mpinzani. Bibi gani asiyemtania mjukuu wake hivyo? Mama yako alipofariki nikabaki nakulea mimi, na utani ukabaki palepale. Mume wangu hajanawa. Mume wangu kaanguka mkokoni kajikwaruza magoti.

Naandika mwenyewe. Hati yangu ni ileile ya darasa la ngumbaru, la watu wazima, mistari inapanda na kushuka, na wewe ulikuwa ukiicheka. Cheka. Mjomba wako Selemani alitaka kuniandikia nikamkatalia. Atayanyoosha maneno yangu mpaka yawe yake.

Kwanza nikugombeze, nisije nikasahau. Nilikwambia mara ngapi usipande bodaboda mvua ikinyesha? Lami ile ya Kibiti ikilowa inateleza kama mgongo wa kambare. Ukanijibu, "Bibi, habari haisubiri." Haya. Jioni ile habari ukawa wewe, akaisoma mwenzako wa redioni. Mtoto mkaidi. Ulikuwa mkaidi tangu unanyonya.

Nimemaliza. Sasa nikupe yaliyotokea.

Chuo chako kimekupa tuzo. Wana desturi ya kuwaita watu waliosoma pale mambo ya mawasiliano, wakaenda kufanya kazi redioni, magazetini na kwenye televisheni wakang'ara, wakawasifia mbele ya wanafunzi. Safari hii jina lako lilikuwemo. Wenzako wote wazima, marehemu wewe peke yako. Simu walimpigia Zuhura, mkeo wa ndoa, maana namba uliyoacha kule ni yake.

Akaja kunipa habari. Siku hizi yuko kwao Nyamwage, alirudi huko na mtoto eda ilipokwisha. Akafika, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, bibi."

Bibi! Hapo ndipo paliponichoma. Unakumbuka alivyokuwa akiniita. Siku ya kwanza ulipomleta, Mmatumbi wako yule mwembamba, nilimwambia, "Karibu, mke mwenza. Mkubwa ni mimi, zamu utaniomba." Wewe ukaangalia chini kwa aibu. Yeye hakuona aibu. Akanijibu, "Sawa, mke mwenza, ila usiku wa Ijumaa usinidai." Nikampenda hapohapo. Tangu siku hiyo hatukuitana jina jingine, hata sokoni, watu wakatuzoea.

Tulipokuzika, jina lile likaenda nawe. Sikumwita, hakuniita. Tungeitana wake wenza wa nani?

Na kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya siku hiyo nilikuwa sokoni nachagua nazi, muuzaji akaniambia, "Bibi Mwanahawa, nasikia mkwe wako kaposwa." Mwalimu mmoja wa Ikwiriri amepeleka posa kwa baba yake Zuhura. Na mimi nalisikia kwenye lundo la nazi! Najua si haramu. Eda imekwisha, msichana bado mbichi, mtoto anahitaji baba. Yote nayajua. Lakini nilirudi nyumbani sikuinunua ile nazi, nikala wali mkavu kwa hasira.

Kwa hiyo Zuhura aliposema chuo kinataka mtu mmoja wa familia apande jukwaani kukupokelea, na Selemani akadakia, "Apande mkewe, ndivyo inavyofanywa," nilimkata kauli. Nikasema, "Atapanda aliyemlea. Huyu kesho ana mume mwingine."

Zuhura akautazama mkeka kama anayetafuta sindano. Kisha akasema, "Sawa, bibi."

Nilipata nilichokitaka, Shabani, na kilikuwa kichungu kama muhogo usiolowekwa. Lakini maneno nimeshayasema, na wewe unanijua, mimi maneno yangu siyarudishi tumboni.

Tukaenda Dar es Salaam wawili kwa basi, mtoto tukamwacha kwa Selemani. Zuhura akanipisha nikae dirishani, akanishikia mkoba, akaninunulia maji. Heshima zote. Ila utani hakuna. Tulikaa kiti kimoja kama watu waliokutana kwenye benchi la hospitali.

Ukumbi wa chuo chenu una baridi ya kuhifadhia samaki. Watu mnasoma vipi humo? Mlangoni tulimkuta binti ameshika orodha ya wageni, kajipaka wanja vizuri. Akaniuliza, "Bibi, wewe ni nani wake?"

"Mkewe," nikasema. Mazoea.

Akamgeukia Zuhura. "Na wewe dada?"

Zuhura akasitasita. "Mkewe."

Yule binti alitutazama mmoja mmoja, akatazama orodha, akatupa viti vya mbele bila kuuliza tena. Kidogo nicheke. Halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Walitangulia wenzako. Yule dada wa televisheni uliyekuwa ukisema mlisoma naye, kumbe mfupi hivyo! Televisheni inamrefusha. Alimshukuru mama yake aliyemsomesha kwa vitumbua, nikampigia makofi kwa nguvu. Akafuata mzee wa gazeti, akasema, akasema, nikasinzia, nikaamka, bado anasema. Akaja kijana anayefanya kazi ya habari mtandaoni, suruali imechanika magotini. Chuo kizima hakuna mwenye sindano? Lakini alizungumza vizuri, sikatai. Wote walizungumza vizuri. Kazi yenu si ya mchezo, na mimi niliidhani ni kazi ya kupiga domo.

Zamu yako ikafika. Akasimama mwalimu wako, yule mama wa miwani uliyekuwa ukimwogopa. Akasema ulipomaliza masomo ulipata nafasi ya kubaki mjini ukaikataa, ukarudi huku kwetu, delta ya mto, kuwasikiliza wakata mikoko na wavuvi wa kamba, ukavuka na mitumbwi yao, ukala nao. Alisema mengine mazuri, sikuyashika yote. Kisha akasema, "Sasa tumsikilize mwenyewe."

Hakuna mtu aliyenionya, Shabani. Hakuna aliyeniambia kuwa utazungumza. Mimi redio yangu nimeifunika khanga tangu siku ya msiba, sijaigusa. Na pale, kutoka kwenye kuta, ukatoka wewe. Uko Nyamisati, mashine ya boti inanguruma nyuma yako, unawasalimia kina mama wanaongoja kwenda Mafia. Mmoja anakutania kuwa umekonda, unacheka. Kicheko kile cha puani. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

Halafu ukaaga kama ulivyokuwa ukiaga kila jioni ya kipindi chako: "Mimi ni Shabani wenu. Aliyepika asisahau kunibakishia."

Nikakujibu. Sikukusudia. Miaka yote nilikuwa jikoni kwangu, redio dirishani, ukisema hivyo najibu, nafunika sahani kwa kawa nakungoja. Mdomo ukajiendea wenyewe: "Nimekubakishia, njoo."

Na hapo ubavuni kwangu ikatoka sauti nyingine, wakati uleule: "Nimebakisha, wahi."

Tukageukiana.

"Wewe unamjibu nani?" nikamwuliza.

"Mume wangu," akasema. "Si alikuwa akiniambia mimi."

"Akwambie wewe! Alikuwa akiniambia mimi. Akitoka kazini anapita kwangu, anakula, ndipo anakuja kwako."

Macho yakamtoka. "Anapita kwako anakula? Akifika kwangu anasema ana njaa tangu asubuhi!"

Shabani! Mlafi mkubwa wewe! Wali wangu wa nazi na kamba wa kukaanga unamaliza, unaramba vidole, unafuta mdomo, kisha unavuka barabara ya Kibiti kwenda kukaa mbele ya ugali wa mwenzangu kama yatima. Na ulivyokuwa umekonda, kilikuwa kinakwenda wapi? Na ulivyoapa! "Bibi, huyu Mmatumbi hajui kupika kama wewe." Nimemwuliza, na yeye ulimwambia hivyohivyo: bibi kazeeka, chumvi inamshinda. Chumvi inanishinda mimi!

Zuhura ndiye aliyeanza kucheka. Alijiziba na mtandio, mabega yakawa yanaruka. Nami nikashindwa. Tulicheka mpaka watu wa nyuma wakanyoosha shingo, mama wa miwani akatutazama. Na kicheko kile kikageuka njiani, unajua kinavyogeuka. Akaniegemea begani analia. Sikumwondoa. Tangu msiba hatukuwa tumelia pamoja, kila mmoja alilia kwake.

Wakaita jina lako. "Mwakilishi wa familia apite mbele." Nikaanza kuinuka. Zuhura akanishika kiwiko akaninyanyua, kisha akakaa.

Nikamwambia, "Nyanyuka."

"Wamesema mmoja, bibi."

"Bibi yako yuko Nyamwage. Mimi nani?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Mke mwenza."

"Basi nyanyuka, mke mwenza, tukamchukulie mume wetu haki yake."

Tukapanda wote wawili, tumeshikana mikono. Mshereheshaji akaninong'oneza kuwa ilikuwa apande mtu mmoja. Nikamwambia, "Mwanangu, ungetuambia kabla hatujaolewa." Wakatupa kitu cha kioo, kizito, jina lako limechorwa. Nikampa Zuhura akishike. Kilikaa vizuri mikononi mwake. Wakaniletea kipaza sauti, bibi sema neno. Nikasema, "Asanteni kumkumbuka. Alikuwa mtoto mwema, ila alikuwa anakula nyumba mbili." Ukumbi ukaangua kicheko. Zuhura akanyoosha shingo, akasema kwenye kipaza sauti, "Na huku kwangu ndiko alikokuwa akishiba." Mshenzi! Mbele ya maprofesa! Nilimfinya, na nilifurahi ajabu.

Wakati wa kurudi, tulipofika Mkuranga, akaanza mwenyewe. "Mke mwenza, kuna watu wamekuja kwa baba."

"Najua. Hata muuza nazi anajua."

"Niliogopa kukwambia. Nilijua utasema nimemsahau."

"Umemsahau?"

Akageuka akanitazama usoni. "Si nimemjibu mbele ya ukumbi mzima."

Nikamwuliza huyo mwalimu anaswali? Anaswali. Ana mkono mwepesi? Hapana, hata wanafunzi wake hawachapi. Na mwanao, somo wangu aliyepewa jina langu? Amesema mtoto aje naye, na likizo zote ni za Kibiti kwa bibi yake. "Mwambie aje nimwone," nikasema. "Simwozi mtu gizani."

Akaja. Mfupi, ana kitambi kidogo, alikaa ukingoni mwa mkeka kama aliyeitwa na mkuu wa shule. Nikamwambia mapema: kile kioo cha Shabani kitakaa sebuleni kwako, juu, kila mgeni akione. Utaweza? Akasema, "Bibi, kipindi chake hata mimi nilikuwa sikikosi." Nikamnyima jibu siku ile, asije akazoea. Alipoondoka nikamtuma Selemani kwa baba yake Zuhura akaseme kuwa upande wetu hakuna kipingamizi.

Ndivyo ilivyo. Nimeona nikwambie mimi kabla hujaambiwa na wengine, maana nimeuonja uchungu wa kusikia mambo ya nyumbani kwenye lundo la nazi.

Nakuahidi hivi. Siku ya ndoa yake nitakwenda Nyamwage mwenyewe, Selemani atake asitake. Nitakaa chumbani na wanawake wa kwao, nitampaka hina miguu yote miwili, na kigelegele cha kwanza nitakipiga mimi, shangazi zake wasubiri. Atatoka mikononi mwangu kama binti yangu niliyemzaa. Na mtoto wako nitamsimulia baba yake alikuwa nani, mazuri yote na ulafi wote, sitapunguza.

Yeye nimemruhusu, mume wangu. Usimwekee kinyongo huko uliko, bado ana miaka mingi ya kuishi. Mimi sina wa kuniposa, na hata akija nitamtimua na mwiko. Mimi nabaki wako.

Mola akupanulie mahali pako na akutulize. Usiku mwema, Shabani. Utaningoja, si muda mrefu. Na nikifika huko, nisikukute umeongeza wake.

Mkeo mkubwa,
Mwanahawa
Kibiti